Saathiya: picha ya Kihindi iliyotukalisha mimi na mume wangu mpaka saa saba usiku

Mama yangu ni mzaliwa wa Unguja, na ujana wake ulipitia sinema ya Majestic pale Vuga. Mpaka leo ukimtajia Raj Kapoor, yule nyota wa zamani wa picha za Kihindi, anajiweka sawa kitini. Mimi nimelelewa na picha za Kihindi kama wengine walivyolelewa na hadithi za bibi. Saathiya nimeiangalia mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa sekondari, tena mkanda wa kukodi, tunaangalia mara mbili usiku mmoja kwa sababu asubuhi lazima urudishwe. Mara ya nne ilikuwa mwezi uliopita, nikiwa na miaka 11 ya ndoa, na ndipo nilipoona kwamba ile niliyoipenda utotoni ilikuwa nusu tu ya picha.

Kwa ambao hawajaiona: ilitoka Desemba 2002, mwongozaji ni Shaad Ali, na ilikuwa picha yake ya kwanza. Alikuwa msaidizi wa Mani Ratnam, na hadithi hii ni ya Mani Ratnam mwenyewe, aliyekwisha kuitoa kwa Kitamil, lugha ya kusini mwa India, mwaka 2000 kwa jina la Alaipayuthey. Ile ya kwanza ni ya Chennai, hii ya Kihindi ikahamishiwa Mumbai.

Aditya (Vivek Oberoi) ni mtoto wa wakili mwenye uwezo. Suhani (Rani Mukerji) anasomea udaktari na kwao ni watu wa kawaida. Wanaonana harusini kwa watu, kisha kwenye treni za mjini, zile za Mumbai ambazo abiria hubanana hadi milangoni. Wazazi wanakutanishwa ili wazungumze, mazungumzo yanageuka kuvunjiana heshima, kila upande unarudi kwake umenuna. Vijana wanafunga ndoa kwa siri, halafu kila mmoja anarudi kulala kwao. Siri inatoka pale dada mkubwa wa Suhani, Dina, anapoletewa posa, na wageni wanamtaka na mdogo mtu kwa kijana wao mwingine. Suhani inabidi aseme: mimi nimeshaolewa. Baada ya hapo hana kwao, na Aditya naye hana kwao.

Picha nyingi tulizokulia zingeishia hapo. Steringi kampata mke, wimbo wa mwisho, taa zinawashwa. Hii hapo ndipo inapoanza. Wanahamia kwenye nyumba yao wawili, haina kitu ndani, wanacheka, wanaipanga. Halafu taratibu wanaanza kugombana kwa mambo ambayo ukiulizwa kesho yake huwezi hata kuyakumbuka. Nani kachelewa. Nani kajibu vibaya. Nani kanyamaza. Rani Mukerji na ile sauti yake ya kukwaruza kidogo anaziigiza ghadhabu hizo bila kupiga kelele nyingi, na sikushangaa kujua kwamba alipata tuzo ya wahakiki ya Filmfare, tuzo kubwa za picha za Kihindi, kwa kazi hii. Vivek Oberoi namkubali zaidi akiwa mume aliyekwama kuliko akiwa kijana wa pikipiki anayemfukuzia msichana kila kona. Ule ufuatiliaji wa mwanzo nilipokuwa msichana niliuona mtamu. Sasa nina binti, na mtu akimfuata hivyo kwenye mwendokasi nitataka kumjua ni nani na anataka nini.

Ninalotaka kulisemea hasa ni tukio la baba. Baba yake Suhani, yule aliyemfukuza, anaumwa. Suhani anataka waende wakamwone. Wanapofika, mzee ameshafariki. Tukio si refu na hakuna kibwagizo cha ngoma wala radi. Lakini kuanzia hapo nyumba ile haiwi tena ilivyokuwa, na Aditya anabeba hatia ambayo hajui pa kuitua.

Mume wangu alikuwa amelala nusu kwenye kochi. Tukio lilipofika alinyanyuka akasema, "Simamisha kidogo."

Miaka sita nyuma mjomba wangu aliyenilea aliumwa. Nilimwomba mume wangu twende pamoja. Alisema kesho, kazini kumebana. Kesho ikawa keshokutwa, na alikuja siku ya pili baada ya mazishi, akakaa na wanaume barazani, akala, akaaga. Hatukuwahi kuligusa jambo lile. Nilijiambia nimeshasamehe. Basi usiku ule, picha imesimama kwenye uso wa Rani, akaniambia kwamba kila akipita barabara ya kwa mjomba hugeuza uso. Nami nikamwambia niliyokuwa nimeyaweka. Tulizungumza mpaka saa saba. Kuna maneno tuliyoambiana ambayo ni yetu. Picha tuliimalizia kesho yake.

Ndiyo maana nasema hii ni picha ya kweli kuhusu swali la kama mapenzi yanadumu. Hakuna adui. Hakuna mchawi, wala mama mkwe mwenye sumu kwenye chai. Kuna watu wawili wanaopendana na wanaosema "kesho" mara nyingi mno. Neno lenyewe saathiya maana yake ni mwenzi, na kwa sisi Waswahili hilo halihitaji maelezo, kwani mwanamke wa pwani akisema "mwenzangu hajarudi" kila mtu anajua anamsema nani. Mpenzi unaweza kumwandikia ujumbe ukalala. Mwenzi ndiye mnayeulizana luku imebaki ngapi.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayonigawa na mama yangu. (Kama hujaiona, hapa ruka.) Aditya alikuwa akijaribu kimyakimya kuwapatanisha Dina na yule mchumba aliyemkosa, Suhani akaona kipande tu cha jambo lile, akashuku. Anapopata ukweli anakimbilia kwenda kumpokea mumewe kituoni, na njiani anagongwa na gari. Aliyemgonga ni Savitri (Tabu). Mume wa Savitri ni ofisa mkubwa wa serikali, anaigizwa na Shah Rukh Khan, na anaubeba mzigo wote ili kumkinga mkewe. Suhani analazwa kwa jina lisilo lake, na Aditya anahangaika mji mzima akimtafuta mgonjwa ambaye kwenye daftari hayupo.

Mama anasema huyo ofisa ndiye mume, na kwamba Aditya ilibidi amwone mtu wa namna ile ndipo ajue alichokosa yeye. Naelewa, na picha nayo inataka nielewe hivyo, kwa kuwa Aditya anapoona jinsi yule bwana anavyomsimamia mkewe ndipo anapokwenda kitandani kwa Suhani na kutamka makosa yake. Ila mimi siwezi kusahau kwamba mapenzi ya nyumba ile yalikaribia kuiua nyumba ya pili. Jina moja la uongo, na mume akakosa kuwa pembeni ya mkewe saa alizomhitaji zaidi. Natamani picha ingelitazama jambo hilo kwa dakika mbili zaidi.

Na kuna hili pia: Aditya anamwomba msamaha mtu aliye kwenye usingizi wa mgonjwa mahututi. Ni rahisi kusema na asiyeweza kukujibu. Suhani anaamka, tunalia, na ninakiri nimelia mara zote nne, lakini yale mazungumzo waliyopaswa kuwa nayo mle ndani ya nyumba yao, wote wakiwa wazima na wote wamekasirika, hatukuyaona. Kwa hilo napunguza alama.

Muziki ni wa A. R. Rahman, mashairi ni ya Gulzar, na wote wawili pamoja na Sonu Nigam aliyeimba wimbo wa jina la picha walipata Filmfare. Wimbo ninaourudia ni "Chupke Se", ambao tuni yake ilitoka kwenye "Snehithane" ya ile picha ya Kitamil. Ni wimbo wa usiku, wa watu walio karibu, usiuweke ukiwa unafagia. Nilipoiangalia na mama kulikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, nami nikawa namtafsiria mama, mpaka akanizuia. Akasikia mohabbat, akasema hilo si mahaba? Akasikia duniya, waqt, khabar, akavitaja vyote kwa Kiswahili kabla sijafungua mdomo. Maneno hayo yametoka Uarabuni yakaenda pande zote mbili za bahari, na mama hakuhitaji shule kuyatambua, Majestic ilimtosha.

Nikiipa alama ni 8 kwa 10. Nusu ya kwanza iangalie na watoto wakubwa, nyimbo zina raha. Nusu ya pili angalia na mwenzako, tena siku ambayo kesho yake hakuna anayewahi kazini. Mume wangu ameomba tuirudie Ijumaa, na ameomba tuanzie pale wanapohamia nyumbani kwao, harusi tuiruke.