Ganzi ya miguu: mafuta ya karafuu au chai ya mdalasini?

Kwetu Pemba, mzee akilalamika kuwa miguu imekufa ganzi na damu "haitembei", ataambiwa achuliwe kwa mafuta ya karafuu au anywe chai ya mdalasini.

Mimi nipo upande wa karafuu. Mafuta yake hutolewa kwa mvuke kwenye makonyo (vijiti vya vichala vya karafuu) na majani, kama wafanyavyo kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, na sehemu kubwa yake ni kemikali iitwayo yujenoli, ile inayoleta moto kwanza, kisha ganzi. Hapa kwetu tunatia matone mawili kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, tunachua kutoka kisiginoni kupanda juu. Nadhani nusu ya dawa ni mikono yenyewe. Shangazi yangu aliwahi kuyapaka matupu, ngozi ikababuka wiki nzima.

Mdalasini ni gome tu, tena tamu. Kijiti kimoja ndani ya birika kinapasha mwili, lakini sijaona mguu ulioamka kwa kikombe. Faida yake haumwunguzi mtu.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asinywe karafuu wala mdalasini kwa wingi bila kumwuliza daktari. Yujenoli nayo huchelewesha damu kuganda. Ganzi isiyoisha ikapimwe sukari. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usichuliwe kabisa: huenda damu imeganda ndani. Hapo ni hospitali, siku hiyo hiyo.