Darasa la Sita lilivyofika Ngorongoro bila basi: uzoefu wangu na Google Earth Pro

Nafundisha Jiografia katika shule moja ya msingi wilayani Nzega. Huku kwetu ni tambarare. Mtoto ukimwambia achore mlima anachora pembetatu yenye jua nyuma yake, na ukitaja Bonde la Ufa anawaza lile korongo la nyuma ya zahanati. Kila mwaka naandika barua ya kuomba basi la ziara ya mafunzo. Kila mwaka gharama ikigawanywa kwa vichwa, wazazi kwenye kikao wanaanza kuangaliana.

Mwaka huu nikasema potelea mbali, nitawapeleka kwa projekta.

Google Earth, programu ya kuitazama dunia kwa picha za setilaiti, ziko za aina mbili, na usipojua tofauti yake utajuta. Ipo ya kwenye kivinjari, ambayo haihitaji kusakinishwa. Tangu 2019 inakuruhusu kutengeneza mradi wako: unaweka alama mahali, unaandika maelezo, unabandika picha, kisha unaionyesha hatua kwa hatua kama slaidi. Inapendeza na ni rahisi, ila mtandao ukisinzia nayo inasinzia. Nyingine ni Google Earth Pro, ya kusakinisha kwenye kompyuta, ambayo imekuwa ya bure tangu 2015. Sura yake ni ya kizamani na vitufe vyake ni vidogo mno. Lakini kila eneo ulilolipitia linahifadhiwa kwenye kompyuta, hadi GB 2, na kesho yake mtandao usipokuwepo bado unalo. Kwa shule ambayo mtandao wake ni simu ya mwalimu iliyowekwa dirishani, hapo hakuna mjadala. Nilichukua Pro.

Maandalizi yalinichukua jioni tatu. Niliweka alama kumi na mbili, nikairuka njia nzima polepole, nikishuka na kupanda kila kituo ili picha zibaki kwenye kompyuta. Bando lililika, sitaficha. Halafu nikahifadhi safari yote kama faili moja la KMZ, yaani faili la alama na maelezo ya Google Earth, kwenye flashi. Hilo la faili nalisisitiza kwa sababu vifaa vya mtandaoni huja na kuondoka. Tour Builder na Expeditions, programu nyingine za Google ambazo walimu wengi duniani walizitumia kwa kazi hiihii, zote zilifungwa 2021. Faili likiwa mkononi mwako, utalifungua kwingine.

Siku yenyewe nilikosea jambo moja na kupatia jingine, yote kwa bahati.

Nililopatia ni kuanzia shuleni kwetu. Nilitaka tu kuwaonyesha namna programu inavyoshuka kutoka angani. Tukashuka Afrika, Tanzania, Tabora, Nzega, mpaka kwenye mabati yetu. Darasa likalipuka. Huyu anatafuta kwao, yule anaonyesha mwembe wa mapumziko. Kelele zilipopungua, binti mmoja wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, mbona bati la darasa la nne lipo?" Lile bati liling'olewa na upepo msimu wa mvua uliopita, na wao ndio waliokimbia nalo likiruka. Kwenye picha limetulia, linang'aa. Basi sikuhitaji tena kufundisha kwamba picha ya setilaiti si kamera inayotutazama sasa hivi, kwamba ilipigwa siku fulani na siku hiyo imeshapita. Tukatazama tarehe iliyoandikwa chini ya skrini, wakapiga hesabu wenyewe walikuwa darasa la ngapi.

Kutoka hapo tukavuta rula ya programu mpaka Ngorongoro. Kwa mstari ulionyooka ni pungufu kidogo ya kilomita 300, na mstari ule ulipita jirani na Ziwa Eyasi. Nikawauliza, kama ni karibu hivyo, kwa nini basi linazunguka Singida, Babati na Makuyuni ndipo lipande Karatu? Walikaa kimya, kisha kijana mmoja ambaye baba yake ni utingo akajibu bila kunyoosha mkono: "Basi halipandi ukuta." Ukuta wenyewe tulikuwa tunautazama, kingo za Bonde la Ufa zimesimama upande mmoja na ziwa liko chini. Miaka yote nimechora kingo zile ubaoni kwa chaki ya kahawia na sikuwahi kupata jibu kama lile.

Sasa kosa langu. Pro ina mahali pa kukuza kimo cha ardhi hadi mara tatu, ili vilima vionekane. Nikakuza mpaka mwisho, nikidhani nawasaidia. Tulipofika Ngorongoro, kaldera, yaani lile shimo kubwa la volkano, ilikuwa kama kisima. Mtoto mmoja akaniuliza twiga wanashukaje mle. Ikabidi nirudishe kimo kwenye moja, nikiri mbele ya wote kwamba mwalimu alitia chumvi, kisha tuanze upya. Kina chake halisi ni kama mita 610, na sakafu yake kama kilomita za mraba 260. Ukiiona bila chumvi ni bakuli pana lililotulia, mlima uliobomokea ndani yake wenyewe.

Hapo ndipo kilipo kifaa ninachokipenda kuliko vyote, na naona hakisifiwi inavyostahili. Unachora mstari kukatisha kaldera, unabofya kitufe cha kulia cha kipanya, unaomba umbo la mwinuko. Chini ya skrini inatokea grafu: inapanda ukingo, inaporomoka, inanyooka kwenye sakafu, inapanda tena. Ukisogeza kipanya juu ya grafu, mshale unatembea kwenye ramani. Watoto walikuja mmojammoja kuusogeza. Mchoro wa mkato wa ardhi, ambao huwa naufundisha vipindi viwili na nusu yao hawauelewi, waliuelewa ndani ya dakika kumi.

Oldupai niliipitia haraka. Kutoka juu ni korongo kavu tu, na bila hadithi ya fuvu la kale la Zinjanthropus lililopatikana mle 1959 haina cha kuonyesha. Ol Doinyo Lengai ndiyo iliyowashika. Kileleni, mita 2,962, kumepauka kweupe, na darasa zima likaita, "Theluji!" Si theluji. Volkano ile hutoa lava ya aina yake, nyeusi inapotoka, kisha hugeuka nyeupe ikikaa hewani. Nilikuwa nimeandaa picha ya karibu nikaibandika kwenye kile kisanduku cha maelezo, la sivyo wasingeniamini. Ushauri wangu: picha za chini andaa mwenyewe. Mtazamo wa angani peke yake unachosha baada ya kituo cha nne.

Dawa nyingine ya uchovu huo ni Street View, picha za Google zilizopigwa kutoka chini kana kwamba umesimama hapo, palipo nayo. Njia za msituni Gombe zilipigwa picha 2014, kwa hiyo unaweza kusimama chini ya miti ileile ambako Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960. Ila hapo mtandao unatakiwa uwepo palepale, na siku yetu tuliona nusu ya mti, nusu nyingine ikabaki ukungu. Niliwaambia nusu iliyobaki waifikirie wenyewe. Wakacheka, tukaendelea.

Kituo cha mwisho kilikuwa Kigamboni. Kuna kitufe chenye alama ya saa kinachorudisha picha za miaka ya nyuma. Unavuta kuja mbele: maji matupu, maji matupu, halafu daraja lililofunguliwa 2016. Walilipima kwa rula wakapata karibu mita 680. Wakadai kulivuta nyuma na mbele mara sita, na hapo umeme ukakatika.

Nikipewa nyota tano nitaipa nne. Ile moja naizuia kwa sababu kutoka juu hakuna harufu, hakuna jasho, na hakuna watu. Wengi waliniuliza, "Watu wako wapi?" na sikuwa na la kuwaonyesha isipokuwa mapaa. Kwa darasa la watoto tisini na projekta moja ya kuazima, wa nyuma pia wanaona rangi tu, hivyo gawanya darasa mara mbili hata kama utarudia maneno yaleyale.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alinipongeza, kisha akauliza kama sasa ile barua ya basi tunaweza kuiweka pembeni, maana watoto wameshafika. Nikamjibu, "Mkuu, wameona bakuli. Hawajashuka." Barua bado iko mezani kwake, chini ya kile kikombe cha kalamu.