Vijana wa kuzima moto wa Kadutu: tunawapa 16 kwa 20

Huduma hii haina ofisi wala bei. Ni vijana wa avenyu, yaani wa mtaa, kule Nyamugo, Nkafu na Cimpunda katika komini ya Kadutu, mjini Bukavu, ambao filimbi ikilia wanatoka na baramini (mitaimbo ya chuma), kamba na mabidoni (madumu) ya maji. Kamyo ya zimamoto hata ikija itasimama chini, kwa sababu nyumba za mbao zimepandana mlimani na njia ni ngazi za udongo ambapo watu wawili hupishana kwa ubavu. Anayewapima kwa wingi wa maji waliyomwaga anapima pasipo.

Kazi yao kubwa ni kubomoa, na ndiyo inayowaletea matusi. Kwenye mteremko moto hupanda: joto hukausha mbao za nyumba ya juu hata kabla ndimi hazijaigusa. Timu inayojua kazi haing'ang'anii nyumba inayowaka, wala ile iliyogusana nayo. Inaruka na kuanzia ya pili kwa juu. Mabati kwanza, kisha mbao za ukuta, mpaka ipatikane nafasi ya mita nne hivi. Timu changa hukosea hapo: mbao zilizong'olewa zinaachwa katikati ya nafasi ileile, na moto unakuta umetandikiwa kitanda. Zipelekwe pembeni. Maji machache yaliyopo yamwagiwe ukuta wa nyumba ya tatu. Mwenye nyumba ya pili atapiga kelele, na ana haki yake. Timu nzuri humpa watu wawili wa kutoa magodoro na vyombo wakati wenzao wako juu ya paa.

Lakini umeme hutangulia yote. Kushusha disjonkteri, swichi kuu ya umeme, ya nyumba inayoungua hakutoshi, maana waya huenda umeungwa kutoka kwa jirani wa tatu. Lazima waulize "umeme wenu unatoka kwa nani?" na kuukata huko. Kabla haujakatwa huko, tone la maji lisimwagwe.

Maji nayo yana ufundi. Bidoni la lita 20 lina mdomo mwembamba, linabwatabwata tu huku moto ukiendelea. Wanalikata mabegani, wanaacha mshikio, linakuwa ndoo. Kwenye ngazi linajazwa nusu: lita kumi zinazofika ni bora kuliko ishirini zilizomwagikia miguuni. Watu husimama mita moja moja, mstari mmoja wa kupandisha yaliyojaa, mwingine wa kushusha matupu. Kwa ngazi za mita 40 ni watu 80, ndiyo maana filimbi inaita avenyu nzima.

Kwa moto wa wakadafi, wauza esansi (petroli) ya chupa, ni mchanga au udongo tu. Maji hubeba esansi inayowaka na kuiteremsha kwenye mfereji hadi kwa walio chini. Sufuria ya mafuta ya kula hufunikwa kwa kifuniko au blanketi lililoloweshwa na kukamuliwa, na sufuria haisogezwi.

Alama mbili tumewatoa kwa viatu. Kupanda juu ya mabati yaliyoanguka, yamejaa misumari, ukiwa umevaa sandali za plastiki si ushujaa. Plastiki inayeyuka na kushika ngozi.

Mbili nyingine ni za majeruhi. Bado kuna timu zinazoruhusu dawa ya meno, unga au mafuta kwenye kidonda cha moto. Kinachotakiwa ni maji baridi safi yanayotiririka, dakika 20, bila barafu. Pete na saa zivuliwe kabla ya kuvimba, nguo iliyogandia ngozi isivutwe, kisha kitambaa safi kisicho na manyoya kifunike bila kukaza. Mtoto aliyeungua sehemu kubwa apoozwe kidonda tu, mwili mwingine ufunikwe, kwani baridi nayo humdhuru. Na aliyevuta moshi, mwenye masizi puani au sauti iliyokauka, aende hospitali hata kama anasema yuko sawa: koo huvimba baadaye.

Kumweka aliyeumia katikati ya watu wawili kwenye pikipiki tunakuelewa, ila kwa aliyeanguka kutoka paani hapana. Blanketi na miti miwili imara hutengeneza machela. Wabebaji wanne, na wawili wa kupokezana. Kichwa kiwe upande wa juu wa mlima, wakipanda au wakishuka. Mmoja tu ndiye atoe amri. Zikitoka sauti tatu, mgonjwa anaanguka.

Anayetaka kuwashukuru asilete bia usiku huohuo, watu bado wanakagua makaa chini ya mabati, na moto wa mbao hufufuka alfajiri. Glavu za ngozi na viatu vya soli nene vinawafaa zaidi. Na baramini zirudishwe. Ajabu ni kwamba moto hauzili, lakini kesho yake hazionekani.