Nilimpeleka mama Lacock, akakuta nyumba za kukandika

Mama alikuja Swindon, hapa Uingereza, mwezi wa tano kunitembelea. Wiki mbili za kwanza nilimzungusha madukani mpaka akachoka. "Mwanangu, maduka hata Tanga yapo," aliniambia jioni moja, amejifunika blanketi sebuleni. "Nipeleke shamba, nikaone na wao wanaishije."

Nikamchagulia Lacock, kijiji cha Wiltshire ambacho wenzangu kazini hukisifia kwa majengo yake ya kale. Mwenyewe nilikuwa sijafika. Nilichotegemea ni picha mbili tatu, kikombe cha chai, turudi nyumbani. Maksi nazitoa mapema ili asiye na muda asisome yote: nyota nne kati ya tano. Iliyobaki nimeizuia kwa sababu ya umati wa mchana, na nitaueleza.

Kufika si kazi. Treni kutoka Swindon hadi Chippenham ni kama robo saa, halafu unapanda basi la kwenda njia ya Melksham. Kijiji kiko kilomita kama 5 tu kusini ya Chippenham. Sisi tulisimama upande usio wetu wa barabara, basi likatupita huku mama analipungia mkono. Kosa letu. Angalieni linaelekea wapi kabla hamjakaa kwenye benchi.

Kijiji chenyewe ni mitaa minne iliyojipanga mraba: High Street, West Street, Church Street na East Street. Ukitembea bila kusimama unaimaliza kwa dakika 10. Nyumba zimebanana bega kwa bega, nyingine za mawe, nyingine za matofali, nyingine za miti myeusi na kuta nyeupe katikati, mapaa yamebonyea kama mgongo wa punda mzee. Mama alisimama katikati ya High Street, akaangalia juu, akageuka huku na huku. "Nyaya za umeme ziko wapi?" Mimi sikuwa nimegundua. Hakuna nguzo, hakuna waya unaokatiza juu ya njia, hakuna antena ya televisheni juu ya paa. Umeme wanao, ila nyaya zimefichwa. Ndiyo maana watu wa filamu hawaishi kuja hapa, pamoja na wale wa Harry Potter, yule kijana mchawi mwenye miwani. Kundi la wasichana lilikuwa limekuja na makoti yao ya uchawi, wanapigana picha.

Kilichonishangaza ni kwamba watu wanaishi humo. Karibu kijiji chote ni mali ya National Trust, shirika la kuhifadhi mali za kale, tangu mwaka 1944 Matilda Talbot alipolikabidhi nyumba ya ukoo wake pamoja na kijiji. Wakazi ni wapangaji. Unapita dirishani unaona mtu anaosha vyombo, paka amelala kwenye kizingiti, na mtalii amempiga paka picha ya ishirini. Mimi ningehama.

Sasa nifike kwenye jambo lililoifanya siku iwe siku.

Tulipokata kona tulikuta nyumba moja iko kwenye matengenezo. Jukwaa limesimamishwa, na sehemu ya ukuta kama upana wa mlango imebanduliwa lipu. Ndani yake kumeonekana fito zimesukwa kulia na kushoto, kuzunguka vijiti vya wima, na udongo umekauka juu yake, nyasi zinachungulia. Mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akavaa tena.

"Huu si ukuta wa kukandika?"

Nikamwambia ndiyo, naona hivyo.

"Yaani tumepanda treni na basi, tumekuja kuangalia nyumba kama ya bibi yako?"

Fundi alikuwa mtu wa makamo, anakoroga chokaa kwenye ndoo. Alituona tunacheka akauliza kulikoni. Nikawa mkalimani. Mama akataka kujua kwanza udongo wao una nini. Akajibiwa: mfinyanzi, majani makavu ya ngano yaliyokatwakatwa, na samadi ya ng'ombe. Hapo mama alishindwa kujizuia, akampiga fundi kibao cha begani kama mtu wa mtaani kwetu. "Mwambie na sisi tunatia samadi. Ila udongo mzuri ni wa kichuguu." Kueleza kichuguu kwa Mwingereza si mchezo. Nilipofanikiwa, yule bwana akaacha kukoroga: ina maana mnajengea udongo wa mchwa, nyumba ambayo ndani yake kuna fito? Mchwa hawazili?

"Wanazila," mama akasema. "Ndiyo maana unajenga tena."

Alipocheka na kutulia, fundi alituonyesha kwa nini za kwao zimedumu tangu karne ya 15, nyingine ya 14. Nguzo ni za mti wa mwaloni, mti mgumu ambao ukishakauka hata msumari unakataa. Nguzo hizo hazigusi ardhi. Chini kuna ukuta mfupi wa mawe, juu yake boriti ya kulala, na nguzo zinasimama juu ya boriti. Maji ya ardhini hayapandi kwenye mti. Maungio hayana msumari hata mmoja: ncha ya mti huu inaingia kwenye tundu la mwingine, kisha inapigiliwa kijiti cha mwaloni. Aliugusa mmoja kwa nyuma ya mwiko, ukalia kama chuma.

Halafu ndipo akasema neno lililomnyamazisha mama. Karne iliyopita, alisema, watu walizitengeneza nyumba hizi kwa saruji wakidhani ndiyo imara zaidi. Nyumba ya miti huchezacheza kidogo kila msimu, saruji haichezi, ikapata nyufa. Mvua ikaingia kwenye nyufa, na ikishaingia haina pa kutokea, kwa sababu saruji haipitishi unyevu. Udongo ukalowa, mti ukaoza ndani huku nje panang'aa. Sasa mafundi wanakesha wakiibandua saruji ile na kurudisha chokaa, ambayo maji yakiingia inayaachia yatoke taratibu na jua.

Lazima niwape habari ya nyuma. Nyumba ya marehemu bibi iko Pangani. Mjomba ndiye anayeishi humo. Miaka mitatu iliyopita walipiga lipu ya saruji ukuta wa mbele, na kila masika inabambuka vipande vikubwa kama sahani. Lawama zote amebebeshwa fundi: kaiba mifuko, katia mchanga mwingi. Na wiki moja kabla ya safari hii mama alikuwa amemtumia mjomba hela ya mifuko 15 apige lipu upya, nyumba nzima.

Tukaondoka pale. Mama kimya.

Church Street kuna nyumba wanayoiita Cruck House, na hiyo msiipite. Ubavuni mwake unaona gogo moja lililopinda, limeanzia karibu na ardhi likapanda mpaka kwenye kilele cha paa. Walichokifanya mafundi wa karne ya 14 ni kutafuta mti uliojipinda wenyewe, wakaupasua katikati kwa urefu, wakapata mapacha wawili wanaolingana, wakawaegemeza wakakutana juu. Hakuna kenchi, hakuna nguzo ya katikati. Mti wenyewe ndio ukuta na ndio paa. Kwetu mti uliopinda unaishia jikoni kuwa kuni.

East Street kuna ghala kubwa la karne hiyohiyo, walimokuwa wakipokelea kodi na zaka za nafaka, ngozi na sufu kutoka kwa wakulima. Ndani hamna kitu, na uzuri wake ni huohuo: baridi, giza, na kichwa kinainuka chenyewe kutazama miti ya paa. Ubavuni mwake kuna mahabusu ya zamani, chumba kidogo cha kumfungia mlevi mpaka kesho yake. Mama aliingia akatoka upesi. Kanisa la St Cyriac tulilipitia haraka, miguu ilishaanza kumuuma.

Kuhusu ile nyumba kubwa, Lacock Abbey, nilisita kulipia. Mitaa ni bure, ila Abbey ina tiketi na si ya bei ya kutupa. Kama mmefika wawili na hela ni ya kubana, ingieni huko mkaache keki. Iliwekewa jiwe la msingi mwaka 1232 na mjane mmoja, Ela, bibi wa Salisbury, ambaye pia alishika cheo ambacho sisi watu wa pwani tungekiita uliwali wa Wiltshire, enzi ambazo mwanamke kushika cheo hicho ilikuwa jambo la nadra mno. Aliijenga kwa ajili ya watawa, baadaye akaingia mwenyewe na kuwa mkuu wao. Mwaka 1539 mfalme Henry VIII akaifunga, kama alivyozifunga nyumba za watawa nchi nzima, akaiuza kwa William Sharington. Huyu bwana akabomoa kanisa la watawa ila akaziacha baraza za chini na matao yake, akajenga makazi yake juu yake. Ni huyohuyo aliyekuja kukamatwa kwa kuchezea sarafu katika kiwanda cha serikali cha kupiga fedha huko Bristol, akasamehewa, akarudi nyumbani kwake. Mama aliposikia aliuliza kama alikuwa na ndugu Dodoma.

Kwenye chumba walichoota moto watawa kuna sufuria kubwa la mwaka 1500. Mtu mzima anaingia akakaa. Mama alilipima kwa mikono akasema pilau ya harusi mbili.

Juu, kwenye ukumbi wa upande wa kusini, kuna dirisha. Ukilitazama tu utalipita: vioo vidogovidogo vya pembe nne, mwanga wa kawaida. Lakini Agosti 1835 mwenye nyumba, William Henry Fox Talbot, aliweka mbele yake kijisanduku cha mbao chenye lenzi, ndani karatasi aliyoipaka chumvi na dawa ya fedha. Mkewe alivitania visanduku vile mitego ya panya, kwa jinsi vilivyotapakaa nyumba nzima. Karatasi ikatoka na taswira ya dirisha hilo, mwanga umekuwa mweusi na kivuli kimekuwa cheupe. Ndiyo negativu kongwe kuliko zote zilizobaki duniani, ukubwa wake kama stempu ya barua. Talbot aliandika kwamba ilipokuwa mpya, ukitumia kioo cha kukuzia uliweza kuhesabu vile vioo, kama 200. Hapo dirishani wameweka nakala.

Mzee mmoja wa kujitolea alikuwa akieleza kwamba Mfaransa Daguerre alipotangaza njia yake mwaka 1839, picha yake ilikuwa moja kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, haizai nyingine. Ya Talbot ilizaa. Nikamtafsiria mama. Akasema anaelewa sana, kwa sababu mwaka aliomaliza darasa la saba alipigwa picha studio Tanga mjini, akaambiwa arudi baada ya wiki, arudi tena, picha hazijasafishwa, mpaka mwenye studio akahama na negativu zake. Picha hiyo hajaiona mpaka leo. Alinyoosha mtandio akasimama mbele ya dirisha. "Nipige hapa. Na unionyeshe sasa hivi."

Sasa ule umati. Mpaka saa nne asubuhi mitaa ni yako. Kuanzia saa sita mabasi ya watalii yanashusha watu, na kila kibaraza kina mtu na simu. Nendeni mapema, siku ya kazi. Viatu viwe vya kutembelea, njia zina mawe. Chai tulikunywa kwenye mgahawa mmoja, chai yenyewe safi, ila skoni, kimkate chao cha chai, ilikuwa imelala jana yake na bei ilikuwa imeamka leo. Mkiwa na njaa ya kweli bebeni chapati zenu, uwanja wa kukaa upo. Kuna baa ya zamani, George Inn, ambayo kwenye meko yake bado lipo gurudumu ambalo mbwa alikimbizwa ndani yake ili nyama izunguke kwenye moto. Sisi tulichungulia tu. Mama alimwonea mbwa huruma, karne hizi zote baadaye.

Tulirudi kituoni mapema, safari hii upande wetu wa barabara. Basi lilipoondoka mama akaniomba simu, akampigia mjomba kwa WhatsApp, sauti yote nje, abiria wote wanasikia.

"Ile saruji umeshanunua?"

Mjomba akasema amenunua mifuko minane, fundi anaanza Jumatatu.

"Mwambie asianze. Irudishe dukani. Wakikataa, jengea choo. Ukutani unatafuta chokaa na udongo wa kichuguu, unanisikia?"

Upande wa pili ukimya, halafu mjomba akauliza kama dada yake huko Ulaya anaumwa.