Tahadhari: rangi ya mdomo MAC "Diva" ya dola 12 inayozunguka kwenye statuti hapa Lubumbashi

Wadada wa Lubumbashi, hasa ninyi wenzangu mnaopenda rangi za mdomo zilizokolea, bordo, prune, kahawia ya kahawa isiyo na maziwa: kuna muuzaji anazunguka kwenye statuti za WhatsApp, na mimi ameshanila dola 24.

Ilikuwa siku chache kabla ya mahari ya mdogo wangu. Liputa za familia zilikuwa na rangi ya divai, nikatafuta rangi ya mdomo ya kuendana nazo. Muuzaji huyo kaweka picha za rangi mbili za MAC, ile chapa ya vipodozi: Diva na Cyber, dola 12 kila moja. Bei ile peke yake ilitosha kunishtua, maana Marekani kwenyewe hazipatikani dukani kwa dola 12. Nikajidanganya kwamba labda ni mzigo wa Dubai. Nikatuma feza yote kwa M-Pesa kabla sijaona kitu. Ndiyo, najua.

Motari akaleta kesho yake. Kasha safi, nailoni imebana vizuri. Sasa, Diva ya kweli ni bordo inayovuta kwenye wekundu, haing'ai. Cyber ni zambarau iliyozama karibu na weusi. Nilizipaka zote mbili mkononi, mstari kando ya mstari. Rangi moja! Jina tofauti limebandikwa chini ya kila ganda, ndani kitu kilekile. Namba ya toleo iliyo kwenye kasha haikulingana na iliyo chini ya ganda. Halafu nikanusa. MAC ina harufu ya vanila, aliyewahi kuitumia anaijua. Hii ilinuka mshumaa na mafuta ya taa.

Kwa ubishi wangu, siku ya mahari nikaipaka hivyo hivyo. Rangi hafifu huficha makosa, iliyokolea haifichi hata moja. Tulipomaliza bukari, katikati ya mdomo hakuna kitu, pembeni umebaki mstari mweusi kama wa mtoto aliyenyonya kalamu ya wino. Kesho yake midomo ikawasha, ngozi ikachunika siku nne.

Lakini kilichoniuma zaidi ni jibu lake nilipomwandikia: "Yaya, rangi haina shida, ni midomo yako ndiyo myeusi sana."

Angalieni ujanja huo. Unasimama juu ya ukweli nusu. Ni kweli midomo yetu hubadilisha rangi hafifu, waridi ikageuka kama majivu. Ila hizi zilizokolea ndizo zinazotukaa vizuri, mradi rangi yenyewe imo ya kutosha. Ikitoka madoadoa au ikikimbilia kwenye mikunjo, kosa si la mdomo wako. Usiende kununua penseli ya mdomo ya kufunikia aibu ya mtu mwingine, mwambie arudishe feza.

Nilipombana, akanitumia video anasugua pete ya dhahabu juu ya rangi, eti isipokuwa nyeusi basi haina madini ya risasi. Uongo mtupu. Risasi haionekani kwa pete, inapimwa maabara. FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vipodozi, ilipopima rangi za mdomo 400 za madukani, iliyozidi zote ilikuwa na sehemu 7.19 tu za risasi kwa milioni. Pete gani itaona hiyo? Baada ya hapo akanifungia. Rafiki yangu bado anaona statuti zake: jina amebadilisha, picha ni zilezile, mkono wenye bangili ya shanga za kijani.

Nimeelewa pia kwa nini anapenda kuuza zilizokolea. Kwenye picha ya usiku, chini ya taa, prune, bordo na kahawia zote zinafanana, huwezi kumshika. Kwa hiyo mwombe video ya mchana, karibu na dirisha, vijiti viwili pamoja. Ukinunua uso kwa uso, pale soko la Mzee au kwingine, jaribu kwenye ncha ya kidole. Iko karibu zaidi na rangi ya mdomo kuliko kifundo cha mkono. Kijiti cha majaribio usikiguse na mdomo kabisa, herpesi inapita hapo bila kubisha hodi. Na kama ni motari analeta, fungua mbele yake, nusa, ndipo ulipe. Muuzaji akikataa hilo, jibu umeshalipata.

Namba yake sitaiweka hapa. Mkiona Diva ya dola 12 na ule mkono wa shanga za kijani, piteni.

Vijiti vyangu viwili bado ninavyo. Aliye upande wa Bel-Air akitaka kujua feki inanukaje, aje anuse, bure.