Mji Mkongwe kwa miguu: nyota nne, ila msiende kwa haraka

Wengi wakija Unguja wanakimbilia ufukweni na kwenda kuona kobe kisiwa cha Changuu basi. Mi nawaambia tengeni siku nzima ya Mji Mkongwe, maana historia ya vita hapa haijakaa kwenye mnara mmoja, imetapakaa mtaani.

Anzeni Forodhani asubuhi jua halijawa kali. Hapo mbele ya bahari ndo palipopigwa ile vita ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Mwingereza zilianza kupiga mizinga saa tatu asubuhi na ndani ya dakika 38 hivi mambo yameisha, Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani, kakimbilia kwa balozi wa Mjerumani, jumba la Beit al-Hukm likawa gofu, na meli ya Sultani, Glasgow, ikazama hapo hapo bandarini. Watu wanaisimulia kama kichekesho eti vita fupi kuliko zote duniani, mi inaniuma kwa kweli, upande wa Khalid watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa, hao nao walikuwa na mama zao. Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la Sultani, iko jirani, upande mmoja uliporomoka Desemba 2020, mi niliitazama kwa nje tu.

Halafu Mkunazini, na hapa msikimbizwe. Kanisa la Anglikana limejengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, na nje kuna ile sanamu ya Clara Sörnäs ya 1998, watu watano wamesimama shimoni minyororo shingoni. Nilisimama pale muda mrefu sikuweza hata kutoa simu nipige picha. Mtembezaji wetu yeye alikuwa anaangalia saa tu, ndo maana nimekata nyota moja, mkimpata wenu mwambieni mapema kwamba hapa mnataka kukaa.

Beit al-Amani, jumba la makumbusho la Mnazi Mmoja, iliyojengwa 1925 kukumbuka amani baada ya Vita vya Kwanza, ni ya kupita tu, ila kuba lake zuri sana.

Mwenye nafasi achukue boti mpaka kisiwa cha Chapwani, walikozikwa mabaharia wa manowari ya Mwingereza, Pegasus, iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914 ikiwa imetia nanga kwa matengenezo. Ulizeni kwanza maji yanajaa saa ngapi, na mjini vaeni nguo za heshima, mnapita mbele ya misikiti na milango ya watu.