Upake nini sakafu ya mbao ya trela: makopo ya kununua na ya kuacha

Kama hela inatosha kopo moja tu, nunua mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale yanayokamuliwa kwenye mbegu za mmea wa kitani (kwa Kiingereza, boiled linseed oil). Nimelitanguliza hilo ili mwenye haraka aende zake.

Ila kabla ya kopo, nunua fagio gumu na kikwaruzo cha chuma. Sakafu ya trela huozeshwa zaidi na uchafu unaojaa kwenye maungio ya mbao: udongo na mabaki ya mzigo hukaa humo yakishika maji. Pitisha kikwaruzo ufa kwa ufa, halafu fagia. Grisi iliyomwagika ifunike kwa unga wa mbao usiku mzima, asubuhi uzoe, kisha usugue kwa sabuni ya kukata mafuta. Mashine ya presha siipendi ndani ya trela, kwani inasukuma maji mahali ambapo jua halifiki. Klorini nayo inaua ukungu lakini inakula vichwa vya skurubu, na usiichanganye kamwe na amonia wala asidi; hewa inayotoka ni sumu. Ukimaliza, acha milango wazi siku kadhaa. Mbao mbichi hazinywi mafuta.

Sasa makopo, kuanzia bora.

1. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Jina linapotosha kidogo. Mengi ya madukani hayajapikwa, yametiwa tu dawa za kuharakisha kukauka. Palipo na joto na hewa kavu hukauka kwa siku moja au mbili, ilhali yale mabichi huchukua wiki. Yanazama ndani ya mbao, hivyo foklifti ikipita au paleti ikiburutwa hakuna ngozi ya kubanduka. Paka kidogo, subiri kama nusu saa, futa yote yasiyonyweka. Ukiacha vidimbwi vitakuwa ulimbo wa kunata. Na matambara! Tambara lenye mafuta haya likikunjwa linajipasha moto lenyewe hadi kuwaka, bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yazamishe kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Utingo asiyarundike nyuma ya kiti.

2. Mafuta ya tung, yanayokamuliwa kwenye mbegu za mti wa tung. Yanazuia maji vizuri, lakini makopo mengi yenye jina hilo ni vanishi iliyochanganywa. Soma lebo.

3. Rangi ya epoksi (ile ya kuchanganya sehemu mbili ikagandamana ngumu) yenye mchanga. Hii ni ya trela ambayo watu wanapakia kwa mikono, na miguu yao inateleza. Inadai mbao kavu kabisa na zisizo na tone la mafuta, kwa hiyo chagua mapema: uliyekwisha paka kitani, sahau epoksi. Ikipasuka, maji huingia chini yake na hayana pa kutokea.

4. Vanishi ya kung'aa. Hii ni ya meza ya sebuleni.

Mwisho kabisa ni oili chafu ya injini. Najua ni ya bure, nami niliipaka mwaka wangu wa kwanza. Haikukauka. Makatoni ya mteja yalishushwa yakiwa na matako meusi, na fidia ikapita bei ya makopo kadhaa ya kitani. Tena inadondoka ardhini, inateleza, na harufu yake inakufungia mlango wa mizigo ya chakula.

Kujua kama ni wakati wa kupaka tena, dondosha maji kidogo. Yakisimama kama shanga, mafuta bado yapo. Yakinywewa papo hapo, paka.

Kipimo cha pili: ingia ndani mchana, mwambie mtu afunge milango, tazama chini. Panapopenya mwanga, choma kando yake kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye keki, bodi hiyo imeoza na hakuna mafuta ya kuifufua. Nunua mbao ngumu ya unene uleule, uipake pande zote nne na ncha zake kabla ya kuifunga.